Darasa la Misingi

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, pale pale ninaponunua saruji, kwa hiyo sitaki mtu aniambie kosa lilikuwa langu. Liliandikwa kwa herufi kubwa: DARASA LA MISINGI. Kila Jumamosi alasiri, ukumbi wa maktaba, hakuna ada. Chini yake kulikuwa na maelezo mengine, ila mpumbavu mmoja alikuwa amebandika juu yake tangazo lake la chumba cha kupanga. Sasa niambie wewe. Fundi mwashi amesimama mbele ya duka la saruji, anasoma neno misingi. Afikirie nini kingine?

Na misingi ilikuwa inaninyima usingizi kweli. Nilikuwa nimepata kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kushika, bweni la ghorofa la chuo cha wauguzi, na kiwanja chenyewe ni udongo mweusi, ule unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Injinia alichora, sisi tukamwaga zege kama alivyochora, kuta zikaanza kupanda. Lakini mimi si mtu wa kujenga juu ya kitu nisichokielewa. Nilitaka kujua kwa nini alichora vile. Basi Jumamosi ile nikaoga, nikavaa gauni la kutokea, nikatia futi yangu ya kupimia kwenye mkoba, nikaenda.

Ukumbini kulikuwa na viti vya plastiki vimepangwa nusu duara, na watu wachache: muuguzi aliyetoka zamu, polisi mstaafu, walimu wawili wa shule ya msingi, na vijana waliokumbatia vitabu vinene. Mwalimu mwenyewe alikuwa binti mwembamba mwenye mafua, leso kaichomeka kwenye mkono wa blauzi, na chaki amekuja nazo mwenyewe kwenye kopo la dawa. Nikajiambia, huyu hata ndoo ya kokoto haimudu, misingi kaijulia wapi?

Kabla hata ya kujitambulisha akatupa swali. Akasema kuna kitu kinatushika pamoja sisi watu, tusisambaratike. Ni kitu gani?

"Saruji," nikasema.

Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, na nikaongeza kwamba mchanga usiwe na chumvi. Ukumbi ukaangua kicheko. Kijana mmoja mwenye miwani alicheka mpaka akashika mbavu. Mwalimu hakucheka. Alipiga chafya, akageuka, akaandika SARUJI ubaoni, akapigia mstari, akasema haya, tuanzie hapo hapo. Nyumba inashikwa na saruji. Watu wanashikwa na nini?

Akaeleza. Kulikuwa na wakati, akasema, viwanda vilipozuka na miji ikafura, watu wakaacha mashamba, wakaacha ukoo, wakajazana mahali ambapo hakuna anayemjua babu wa mwenzake. Wengi wakasema sasa ndiyo mwisho, dunia inabomoka. Lakini haikubomoka. Wakatokea watu wachache wakajiuliza kwa nini, na majibu yao, ambayo yanagombana mpaka leo, ndiyo misingi ya elimu ya jamii, ile wengine wanayoiita sosholojia. Hapo ndipo nikajua nimepotea njia.

Ningeweza kuondoka. Ila yule wa miwani bado alikuwa anajifuta machozi, na mimi sikuzaliwa kutolewa mahali kwa kicheko. Kazini kwangu vijana wananiita Mama Radi, wanadhani sijui. Nikakunja mikono, nikakaa.

Halafu yule binti akaanza kuninasa. Akauliza nani kati yetu huingia nyumba ya mtu bila kupiga hodi. Hakuna. Akauliza hodi imeandikwa katika sheria gani, na asiyeipiga hufungwa jela ipi. Polisi mstaafu akawaza weee, akatikisa kichwa. Basi, akasema mwalimu, hodi hukuzaliwa nayo. Uliikuta, na utaiacha. Huioni wala huishiki, lakini jaribu kuipita uone kama haitakubana. Vitu vya namna hiyo vipo kama ukuta ulivyopo, na mtu akitaka anaweza kuvichunguza kama anavyochunguza ukuta. Yule kijana wa miwani akaenda kujaribu kwa shangazi yake. Jumamosi iliyofuata alikuja na nundu.

Nilirudi nyumbani polepole siku ile. Maisha yangu yote nimejenga kuta zinazoonekana. Kumbe kuna nyingine zisizoonekana, na kuna watu kazi yao ni kuzipapasa na kusema hapa pana pembe, hapa pana mlango. Niliona wivu, na si mara nyingi naonea wivu kazi ya mtu.

Lakini si hodi peke yake iliyonirudisha. Nina mdogo wangu. Mama yetu alifariki yeye akiwa bado anatambaa. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, na mimi ndiye niliyemshikisha mwiko kwa mara ya kwanza. Ndugu mwingine sina. Na kwa upande wa kazi, yule ni fundi. Tofali analitazama kabla ya kuliweka, analigeuza, anatafuta uso wake mzuri. Ukuta wake ukiupitishia kiganja, hukuti pa kukwama. Mimi ni fundi mzuri, nalijua hilo na sioni haya kulisema. Yeye amenipita, na hilo sikuwahi kumwambia.

Zamani tulijenga kwa mtindo wa mtu na chumba chake. Kila fundi alipewa chumba akakipandisha mwenyewe, tangu mstari wa kwanza hadi juu ya dirisha, na akimaliza wenzake wanakuja kukikagua na kumtania, huyu anasema ukuta una mimba, yule anasema dirisha lina kengeza. Kwenye bweni nikabadilisha. Nilikuwa nimeenda kiwanda cha matofali nikaona kila mtu anafanya kitu kimoja tu, siku nzima, na matofali yanamiminika. Nikapenda. Nikagawa kazi: huyu achanganye tu, huyu abebe tu, huyu apange mistari iliyonyooka tu, huyu azibe viungo tu. Mdogo wangu nikampa pembe, maana pembe ndiyo ngumu, na mimi nikabaki kupima. Kuta zikakimbia. Wenye chuo wakafurahi, wakanipa mkono.

Vijana wakanyamaza. Hakuna wimbo, hakuna utani, kilichobaki ni ugomvi wa vitu vya kijinga, nani kachukua karai la nani. Nikasema ni uvivu, nikazidi kufoka. Ndipo mama anayetuuzia chai akanivuta kando, akaniambia kile ambacho kila mtu alikijua isipokuwa mimi. Mdogo wangu amepata kazi kwa mkandarasi wa ng'ambo ya mto. Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao lori lingekuja kumchukua, yeye na wifi yangu na mtoto wao, na hawarudi. Na mimi hajaniambia.

Nililia nyuma ya rundo la kokoto. Halafu nikajifuta, nikarudi, nikamfokea kijana anayetuchotea maji.

Basi Jumamosi ya pili nilikwenda darasani na moyo uliopasuka, nikitafuta la kuushikiza. Siku hiyo mwalimu alimleta mzee wa kwanza. Nasema alimleta kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alifunga mlango, akavuta pumzi, na kuanzia hapo ungeapa mzee mwenyewe amesimama pale na mafua. Majina ya wazee wale yananishinda ulimi, hivyo nikawapa ya kwangu. Huyu nilimwita Mzee wa Mshikamano. Alisema zamani watu walishikana kwa kuwa walifanana: wote wanalima, wote wanaogopa mambo yale yale. Siku hizi tunashikana kwa kuwa tunatofautiana. Mshonaji hana mkate, mwokaji hana suruali, kwa hiyo kila mmoja anamshika mwenzake asianguke.

Loo, nilifurahi. Si ndicho nilichofanya mimi? Nimewagawia kazi ili wahitajiane. Mwalimu aliendelea kueleza kwamba mzee huyo huyo alionya: mgawanyo ukija kwa ghafla, au kwa kulazimishwa, bila watu kuwekeana kanuni, hauwashiki bali unawaacha wakielea, hawajui waelekee wapi. Hilo nililisikia nusu, kama mtu anavyosikia bei baada ya kuipenda nguo.

Jumatatu nikawakusanya vijana, nikawahubiria mshikamano. Niliongea vizuri, hata mimi nilijisikia. Nikawaambia kidole kimoja hakivunji chawa, nikawaambia ya mshonaji na mwokaji. Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi.

"Umemaliza, Dada?" akaniuliza kwa upole, na niliposema ndiyo, akarudi kwenye pembe yake.

Jumamosi iliyofuata nikaingia darasani nimekasirika tayari, na huko nikakutana na Mzee wa Kiwanda. Huyo hakuja kubembeleza mtu. Alisema binadamu hujijua kwa kazi ya mikono yake. Anachokitengeneza kinamwambia yeye ni nani. Sasa mpe kipande kidogo cha kazi, kile kile, kutwa kucha, kwa ratiba ya mtu mwingine, na kitu kikikamilika kiwe cha mtu mwingine. Atakitazama kama mgeni anavyotazama nyumba ya watu. Atakuwa mgeni kwa kazi yake, mgeni kwa mwenzake aliye karibu naye, na mwisho mgeni kwake mwenyewe. Atajisikia mtu pale tu anapotoka kazini.

Nikasimama. Nikasema mzee huyo hajawahi kukabidhi jengo kwa tarehe. Nikasema mgawanyo wa kazi ndio unaolisha watoto, na wiki iliyopita mwalimu mwenyewe alikubali.

"Wiki iliyopita nilikuwa upande wa yule," akasema mwalimu. "Leo niko upande wa huyu. Nibishie."

Nilimbishia, nami kwa mdomo sijawahi kushindwa na mtu. Nilimwambia ya kiwanda cha matofali, ya wenye chuo kufurahi, ya mishahara kutoka kwa wakati. Yule binti alinijibu hoja kwa hoja, hapandishi sauti, anapenga kamasi katikati, na kila nilipodhani nimemfunga alinifungulia mlango nipite nione unakoelekea. Mara mbili alinisaidia hoja yangu mwenyewe, akainyoosha ikawa na nguvu kuliko nilivyoitoa, halafu ndipo akaijibu. Polisi mstaafu alisogeza kiti mbele. Nilipokaa chini nilikuwa bado na hasira, na moyoni nilikuwa nampenda. Nimewahi kuwaona mafundi wa kila aina. Fundi anayeweza kujenga nyumba ya mtu asiyekubaliana naye, akaijenga kwa uaminifu mpaka wewe mwenyewe ungehamia, sikuwa nimemwona.

Wiki nzima maneno ya yule mzee yalinifuata kama nzi. Nilikuwa nikimtazama mdogo wangu kwenye pembe yake, anaweka tofali bila kuligeuza, nasema moyoni, mgeni huyo. Kuna methali wanatupigia sana sisi waashi, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi siku zote hujibu kwamba hiyo ni methali ya kutuharibia biashara. Wiki ile sikuona cha kuchekesha. Mwezi ulikuwa unakwisha.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi alikuja mzee wa tatu, na huyo nilimwita Mzee wa Nia. Mwalimu alianza kwa kugonga ukuta wa maktaba kwa ngumi, mara kadhaa, kwa nguvu. Akatuuliza amefanya nini. Muuguzi akasema anapima kama ukuta ni imara. Yule wa miwani akasema anamwambia wa chumba cha pili apunguze redio. Mimi nikasema ana hasira. Wote mmeona kitu kimoja, akasema, na mna majibu matatu. Mzee huyu anasema tendo la mtu si kama tofali, kwamba ukishalipima umemaliza. Mtu ana maana yake ndani ya anachofanya. Usipoitafuta maana hiyo jinsi anavyoijua yeye, umehesabu ngumi tu.

Akaeleza pia habari za ofisi na taratibu, jinsi zinavyorahisisha kazi na jinsi zinavyoweza kumfungia mtu ndani. Alieleza vizuri, lakini mimi sikuwa nasikia tena. Watu walipoondoka nikabaki. Nikamsaidia kupanga viti, halafu nikamwambia yote: mama yetu, mwiko, pembe, lori. Alisikiliza ameshika kopo lake la chaki. Nilipomaliza nikamuuliza, kati ya wazee watatu, nani yuko sahihi kuhusu mdogo wangu. Nilikuwa tayari kwa yeyote. Nilitaka tu aniambie anaondoka kwa nini.

"Sijui, Mama," akasema. "Sijamuuliza. Wewe umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimemhubiria, nimemtazama, nimempa Mzee huyu nikamnyang'anya nikampa Mzee yule, lakini swali la mtu na nduguye sikuwa nimeliuliza. Mwalimu akanishika mkono. Akasema wazee wale watatu ni kama taa tatu. Zinakuonyesha pa kutazama, hazitazami kwa niaba yako. Nikamwambia Mungu ambariki na amponye mafua. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na kicheko kikamtoa chafya.

Nilimkuta mdogo wangu nyumbani kwake jioni ile ile, amekaa kwenye kizingiti anasafisha zana zake kwa kitambaa chenye mafuta. Ndani wifi alikuwa anafunga vyombo kwenye magazeti. Aliponiona akaacha, akamchukua mtoto akaingia naye chumbani. Nikakaa kwenye kizingiti karibu na mdogo wangu. Nilikuwa na hotuba nzuri nimekuja nayo njia nzima. Nikaimeza.

"Kwa nini unaondoka?" nikamuuliza.

Akaendelea kupangusa mwiko. Mimi kukaa kimya ni adhabu, lakini nilikaa.

Hatimaye akaanza, polepole, macho kwenye mwiko. Akasema si mshahara, na si kwamba nafoka, kufoka kwangu amekuzoea tangu yuko mgongoni. Akasema zamani alipokuwa na chumba chake alikuwa anakosea, na akikosea anajua mwenyewe, anabomoa mwenyewe kabla mtu hajaona, na asubuhi anawahi kufika ili akitazame. Sasa akikosea, mimi ndiye ninayejua. Akipatia, hakuna anayejua, maana pembe yake inamezwa na mistari ya wengine. Mwanawe alimuuliza juzi, baba umejenga wapi. Akamwonyesha bweni. Mtoto akauliza, lote? Si lote, wala hakuna mahali angeweza kuweka kidole akasema hapa.

"Nikikaa, Dada, nitakuja kukuchukia," akasema. "Na mimi sitaki kukuchukia. Bora niende nikiwa bado nakupenda."

Nililia, na safari hii sikujificha nyuma ya kokoto. Nikamwambia lile ambalo sikuwahi kumwambia, kwamba yeye ni fundi kuliko mimi, na kwamba nimelijua hilo miaka mingi. Alinitazama kama nimesema kwa lugha ngeni. Nikamwambia ghorofa ya juu ni yako. Vyumba vyote. Ugawe utakavyo, upange watu utakavyo. Nitaongea na wenye chuo, na tukichelewa nitabeba mimi.

Akatikisa kichwa. Akasema anajua itakavyokuwa: yeye atakuwa juu na mimi nitakuwa chini nimeinua shingo, nafoka.

"Sitakuwa chini," nikasema. "Nitakuwa juu. Nitakuwa saidia fundi wako. Nitakuchanganyia, nitakubebea, na ukinipa ukuta nitapanga kama utakavyo."

Akasema niende nikalale. Nilipokuwa naondoka nikamsikia wifi ameanza tena kufunga vyombo.

Jumatatu, siku ya lori, nilifika mapema nikapanda juu, kwenye sakafu ile tupu ya ghorofa. Nilivaa ovaroli kuukuu la vibarua. Nikachekecha mchanga, nikachanganya, nikajaza karai, nikasubiri. Vijana walifika mmoja mmoja wakanikuta pale nimejishika kiuno kama mtu anayesubiri ajira, wakatazamana, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao wakaniamkia kwa kunong'ona. Kisha mdogo wangu akaja. Nyuma yake, getini, likaja lori, mizigo ya wifi imeshapakiwa, wifi mwenyewe amekaa mbele na mtoto mapajani.

Alipanda ngazi ya mbao akasimama mbele yangu. Akatazama karai, akatazama ovaroli. Nikadhani amekuja kuniaga. Badala yake akaokota kamba, akaifunga huku na kule, akanionyesha pembe ya chumba cha kwanza.

"Panga mistari minne," akasema. "Tuone."

Nikapanga. Nimepanga matofali tangu kabla hajajua kutembea, lakini asubuhi ile nililigeuza kila tofali mara mbili kama mwanafunzi. Vijana wote waliacha kazi. Dereva akapiga honi. Nilipofika mstari wa nne nikarudi nyuma, na mdogo wangu akachuchumaa, akateremsha timazi, akafumba jicho moja. Dereva akapiga honi tena, ndefu.

"Bomoa, Dada," akasema. "Imelalia nje."

Nikainama nikatazama. Ilikuwa imelalia nje kweli, kidogo sana, kiasi ambacho plasta ingekificha na hakuna mwanadamu angejua. Damu ikanipanda kichwani. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni, yote, ya nani amekufundisha na ya nani alikubeba, na vijana walikuwa wananitazama mdomo wakingoja radi. Kwa upungufu kama ule mimi ningemwachia mtu? Nisingemwachia. Nikachukua nyundo, nikabomoa mstari wa nne, na wa tatu, na wa pili, nikakwangua mchanganyiko kwenye kila tofali nikalipanga pembeni.

Mdogo wangu alinitazama mpaka nikafika chini. Kisha akateremka ngazi, akavuka uwanja hadi kwenye lori, akazungumza na dereva. Niliona wifi akifungua mlango, akashuka na mtoto. Vijana wakaenda kushusha vitanda, na mmoja wao akaanza kuimba wimbo wa kipuuzi kuhusu fundi mwenye kengeza.

Alipopanda tena hakunitazama usoni. Alichota mchanganyiko wangu kwa ncha ya mwiko, akaugeuza, akasema ni mzito, niongeze maji. Nikaongeza maji.